Je, adui asiyetuonea huruma anastahili heshima yetu vitani?

Msomaji wa Mchana (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, habari zenu.

Naleta kwenu jambo ambalo mimi na mdogo wangu tumelijadili kwa muda mrefu bila kuafikiana. Yeye anashikilia kwamba adui aliyechoma makazi ya watu, akaua mateka na kuwadhalilisha raia, hana haki ya kudai lolote siku anapoishiwa risasi na kuinua mikono juu, na kwamba askari anayemwonea huruma mtu wa namna hiyo anawasaliti wenzake waliokwisha kuzikwa. Mimi naamini kwamba yako mambo ambayo askari hapaswi kumtendea binadamu yeyote, hata adui huyo, lakini kila nikitafuta msingi wa imani yangu najikuta nasimulia visa badala ya kutoa hoja.

Kisa ninachokitaja mara nyingi ni cha rubani wa Kijerumani, Franz Stigler. Tarehe 20 Desemba 1943 alipaa kuifuata ndege ya Kimarekani aina ya B-17 iliyokuwa imetoka kudondosha mabomu Bremen. Alipoikaribia kwa nyuma aliona kwamba bunduki ya mkiani haisogei, na kwamba ubavu wa ndege umetobolewa kiasi cha kumwezesha kuwaona watu waliomo ndani wakihangaika na majeruhi wao. Angeweza kuiangusha kwa kubonyeza kitufe tu. Hakufanya hivyo, aliruka sambamba nayo hadi ilipofika juu ya bahari, akampigia saluti rubani wake, Charlie Brown, kisha akageuza ndege yake na kurudi. Wawili hao walionana uso kwa uso mwaka 1990 na wakabaki marafiki hadi walipofariki, wote wawili mwaka 2008.

Mdogo wangu hujibu kwamba watu walioachiwa waende zao walikuwa na uwezo wa kurudi tena kuipiga miji ya Ujerumani, na kwamba mama wa Kijerumani aliyempoteza mtoto chini ya mabomu asingeona la kusifiwa katika ukarimu wa Stigler. Jibu hilo ni zito na sitaki kulipuuza. Kwa hiyo nauliza: wajibu wa kumtendea adui kwa heshima unatoka wapi, ikiwa yeye hatutendei hivyo? Je, wajibu huo unabaki pale pale hata unapowagharimu watu wetu?

Wakili Mtulivu

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa swali lililoulizwa kwa uzito unaostahili.

Ningeanza kwa kumtambua adui tunayemzungumzia, kwa sababu naona kwamba wewe na mdogo wako mnawazungumzia watu wawili tofauti. Sheria ya vita haimtaki askari amhurumie adui anayepigana. Adui huyo anaweza kushambuliwa akiwa anasonga mbele, akiwa anarudi nyuma, hata akiwa amelala kambini mwake. Mambo hubadilika pale anapotiwa mikononi mwetu, au anapoonyesha waziwazi kwamba anajisalimisha, au anapokuwa amejeruhiwa au kuzimia kiasi cha kushindwa kujitetea. Kuanzia hapo, ilimradi hafanyi tendo la uadui wala hajaribu kutoroka, haruhusiwi kushambuliwa. Ndivyo inavyosema Ibara ya 41 ya Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, na ibara inayofuata inamlinda mtu anayeruka kwa mwavuli kutoka kwenye ndege iliyoharibika: asipigwe akiwa angani, na akitua kwenye ardhi ya adui apewe kwanza nafasi ya kujisalimisha. Askari wa miamvuli wanaoshuka kwa ajili ya mapigano hawamo katika ulinzi huo, na tofauti hiyo ina mantiki, kwa kuwa wao wanakuja kupigana na yule mwingine anaokoa roho yake.

Sasa tumrudie Stigler. Ndege ya Brown ilikuwa haijajisalimisha, na sheria isingemhukumu kama angeiangusha. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba kamanda wake mmoja alikuwa amewaonya marubani kuwa akisikia yeyote amempiga mtu aliye kwenye mwavuli atampiga risasi yeye mwenyewe, na kwamba kwa macho yake watu wale ndani ya ndege iliyotoboka hawakuwa na tofauti na watu walio kwenye miamvuli. Alichofanya kilizidi wajibu wake wa kisheria. Hoja ya mdogo wako kuhusu mama wa Kijerumani, kwa hiyo, inaweza kumgusa Stigler, na watu wenye nia njema wanaweza kutofautiana juu yake. Haimgusi hata kidogo askari anayekataa kumpiga risasi mateka, kwa sababu mateka aliyefungwa hawezi kurudi kuupiga mji wa mtu yeyote.

Kuhusu adui ambaye hatutendei hivyo, jibu la sheria liko wazi na lilipatikana kwa gharama kubwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, serikali zilizopigana zililipiziana kisasi kupitia mateka. Mwaka 1917 kwa mfano mateka walipelekwa kufanya kazi karibu na mstari wa mbele, chini ya mizinga ya jeshi lao wenyewe, kwa madai kwamba upande wa pili umefanya vivyo hivyo. Kila upande ulikuwa na orodha ya maovu ya mwenzake, na kila upande uliwatesa watu ambao hawakutoa amri yoyote kati ya zile zilizolalamikiwa. Ndiyo maana Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929 ulipiga marufuku kulipiza kisasi juu ya mateka, na Mikataba minne ya mwaka 1949 ikaanza kwa ahadi ya kuiheshimu na kuhakikisha inaheshimiwa katika hali zote. Maneno hayo, katika hali zote, yana maana kwamba nchi haiwezi kuwatesa mateka inaowashikilia kwa kisingizio kwamba askari wake wanateswa upande wa pili.

Mdogo wako asidhani pia kwamba utu unafuta kosa. Mateka aliyechoma nyumba za raia au kuua watu waliojisalimisha anaweza kushitakiwa na kuhukumiwa. Kinachokatazwa ni kwamba hukumu hiyo itolewe na askari mwenye hasira, kando ya mtaro, dhidi ya mtu ambaye pengine hata hakuwapo siku ile.

Niongeze jambo moja, kwa kuwa nimewahi kusikia ikisemwa kwamba fikra hizi zililetwa na Wazungu wa Geneva. Khalifa Abu Bakr aliwausia wapiganaji wake waliokuwa wakielekea Sham, yaani eneo la Syria, wasiwaue wanawake, watoto wala wazee, wasikate miti yenye matunda, wasiwaguse watawa waliojitenga kwa ibada. Wasomali walikuwa na utaratibu wao wa kuwataja watu wasioguswa na mkuki: wanawake, watoto, wazee, wagonjwa, watu wa dini, wageni na wajumbe wa amani. Yote hayo yalikuwapo karne nyingi kabla ya mwaka 1864, Mkataba wa kwanza wa Geneva ulipotiwa saini.

Mjukuu wa Mpagazi

Nimesoma maelezo ya Wakili kwa makini na sina ugomvi na sheria aliyoitaja. Nina ugomvi na sifa tunazowamwagia maofisa waungwana, kwa sababu mara nyingi uungwana wao ulikuwa ni adabu baina ya watu wa tabaka moja.

Mfano uko karibu nasi sana. Katika kampeni ya Afrika Mashariki ya mwaka 1914 hadi 1918, kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck alipotunukiwa na mfalme wake, Kaisari, nishani ya juu kabisa ya kijeshi mnamo 1916, habari hiyo ilimfikia kwa barua ya Smuts, jenerali yule yule wa upande wa Waingereza aliyekuwa akimwinda porini, na barua hiyo ilikuja pamoja na pongezi. Alipojisalimisha Abercorn, ambayo leo inaitwa Mbala, nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, yeye na maofisa wake waliruhusiwa kubaki na silaha zao binafsi kwa kutambua ushujaa wao. Vitabu vingi vimekipamba kisa hicho kama vita vya mwisho vya waungwana. Ndani ya vita hivyo hivyo makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa njaa, kuhara, malaria na uchovu, wakibeba risasi na unga wa majeshi yote mawili, wengi wao wakiwa wamekamatwa kwa nguvu vijijini mwao, na hakuna jenerali aliyewaandikia barua. Hao hawakuwa hata adui wa mtu. Walikuwa watu wa pande zote mbili, na pande zote mbili ziliwatumia hadi wakaisha.

Miaka michache kabla ya hapo, katika kuizima Maji Maji, utawala wa Kijerumani ulichoma maghala na mashamba ili njaa ifanye kazi ambayo bunduki zilishindwa kuimaliza. Idadi ya waliokufa inakadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, na wengi wao hawakuwahi kushika silaha. Baadhi ya maofisa walioshiriki kampeni za aina hiyo wangempigia saluti Mwingereza aliyetekwa.

Na jambo hili halikuishia Afrika. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Ujerumani iliwateka askari wa Kisovyeti wapatao milioni 5.7, na takriban milioni 3.3 kati yao walikufa, wengi kwa njaa na baridi katika viwanja vilivyozungushiwa seng'enge bila paa. Mateka wa Kiingereza na Kimarekani waliokuwa mikononi mwa Wajerumani na Waitalia walikufa kwa kiwango cha karibu 4 kwa kila 100. Jeshi lilikuwa lile lile, na lilikuwa na maofisa waliosoma shule zile zile. Kisingizio kimojawapo kilichotolewa kilikuwa kwamba Muungano wa Sovyeti haukuwa umeridhia Mkataba wa 1929 juu ya mateka. Hapo ndugu mleta mada utaiona hoja ya mdogo wako, kwamba asiyetoa hapewi, ikiwa imefuatwa hadi mwisho wake.

Sisemi kwamba hakuna waliostahili sifa. Sultani Salahuddin alipoichukua Jerusalem mwezi Oktoba 1187 hakulipiza mauaji ambayo wapiganaji wa msalaba waliyafanya mjini humo mwaka 1099. Aliweka fidia ya dinari kumi kwa mwanamume na tano kwa mwanamke, na yeye pamoja na ndugu yake wakawaachia maskini wengi bila malipo. Hata hivyo maelfu ya waliokosa fidia walichukuliwa utumwani. Ninamheshimu kwa alichofanya, na siwasahau hao wa mwisho. Kipimo changu ndicho hicho: ukitaka kujua kama jeshi lina utu, usiangalie linavyompokea jenerali aliyeshindwa. Muulize yule askari wa cheo cha chini kabisa, asiyejua lugha ya waliomteka, na ambaye hakuna gazeti litakaloandika jina lake.

Baharia wa Zamani

Mjukuu wa Mpagazi amesema kweli, nami nataka kulijibu lile swali la pili la mleta mada, lihusulo gharama, kwa kisa ambacho watu wa bahari hawakisahau.

Usiku wa tarehe 12 Septemba 1942, nyambizi ya Kijerumani U-156, chini ya Werner Hartenstein, iliizamisha meli ya Kiingereza Laconia katika Atlantiki, mbali na pwani ya Afrika Magharibi. Meli ilikuwa na silaha na ilikuwa shabaha halali. Hartenstein aliposogea karibu alisikia watu majini wakiomba msaada kwa Kiitaliano, kwa kuwa meli ilikuwa imebeba mateka wa Kiitaliano wapatao 1,800, pamoja na mabaharia, askari, wanawake na watoto. Alianza kuwaokoa Waitaliano, ambao walikuwa washirika wake, na baada ya hapo akawaokoa wote bila kuuliza mtu ametoka wapi. Alijaza watu juu ya sitaha na ndani ya nyambizi, akazivuta mashua za kuokolea kwa kamba. Alfajiri ya tarehe 13 alitangaza kwa redio, kwa Kiingereza na bila kutumia maandishi ya siri, mahali alipo, akiahidi kutoishambulia meli yoyote itakayokuja kusaidia ilimradi naye asishambuliwe. Kamanda wa nyambizi kutangaza alipo ni kujiweka uchi mbele ya bunduki, na alilijua hilo.

Tarehe 16 Septemba ndege ya Kimarekani kutoka kisiwa cha Ascension ilimkuta. Kitambaa kikubwa chenye msalaba mwekundu kilikuwa kimetandazwa juu ya nyambizi, mashua zikiwa zinavutwa nyuma yake. Rubani aliomba maelekezo, akaamriwa kuizamisha, naye akadondosha mabomu. Mojawapo liliangukia katikati ya mashua. Hartenstein alikata kamba, akawaamuru watu warudi majini na kwenye mashua, kisha akapiga mbizi na nyambizi yake. Meli za Kifaransa zilizotumwa kutoka Dakar na bandari nyingine za Afrika Magharibi ziliwaokoa zaidi ya watu 1,000. Waliobaki, ambao ni wengi kuliko hao, karibu wote walikufa.

Siku iliyofuata Admeri Dönitz alitoa amri iliyopiga marufuku nyambizi zake kuwaokoa watu wa meli zilizozamishwa. Hebu litazameni jambo hili kutoka pande zote mbili. Mtu mmoja alitenda utu akalipwa mabomu, na wakubwa wake wakatoa funzo kwamba utu haulipi. Ndilo funzo ambalo mdogo wa mleta mada angelitoa pia.

Lakini amri hiyo ilifungua njia ya kuelekea wapi? Tarehe 13 Machi 1944 nyambizi U-852 ya Heinz-Wilhelm Eck iliizamisha meli ya Kigiriki Peleus. Eck alihofia kwamba mabaki yanayoelea yangefichua uwepo wake, akaamuru yafyatuliwe risasi za rashasha na kutupiwa mabomu ya mkono, ilhali watu walikuwa wameyang'ang'ania mabaki hayo. Waliobaki hai hadi kuokolewa wiki kadhaa baadaye ni watatu tu. Miongoni mwa waliofyatua alikuwamo daktari wa nyambizi, ambaye kazi yake ya kumtibu majeruhi haikuwa na uhusiano wowote na bunduki ile. Mhandisi wa nyambizi alimpinga kamanda kwa maneno, kisha naye akashika bunduki na kufyatua. Mahakama ya kijeshi ya Kiingereza iliyokaa Hamburg iliwahukumu Eck, afisa wake mmoja na daktari kifo, nao wakapigwa risasi tarehe 30 Novemba 1945. Mhandisi alifungwa maisha: kupinga kwake kulimwokolea roho, lakini hakukumwondolea hatia.

Najua utasema kwamba hao walikuwa washindwa na waliohukumu walikuwa washindi. Ni kweli pia kwamba aliyeamuru nyambizi ya Hartenstein ipigwe mabomu ikiwa imebeba manusura hakufikishwa mahakamani. Jambo hilo linaniudhi hadi leo. Hata hivyo kutohukumiwa kwa mmoja hakulifanyi kosa la mwingine kuwa tendo jema, na mimi nikipewa leo niamue ni kamanda gani kati ya Hartenstein na Eck nimkabidhi vijana wa kijijini kwetu, sihitaji hata dakika moja ya kufikiri.

Msomaji wa Mchana (mleta mada)

Nawashukuru nyote. Nimemsomea mdogo wangu majibu yenu. Amekubali kwamba kuwaua watu waliong'ang'ania mbao majini ni uovu, na amekubali pia kwamba mateka mmoja hawezi kubeba dhambi za jeshi zima. Anachosema sasa ni kwamba haya yote yanaandikwa na watu waliokaa mezani. Anauliza askari atafanyaje pale rafiki yake alipouawa dakika kumi zilizopita na aliyemuua yuko mbele yake ameinua mikono. Vilevile anauliza itakuwaje ikiwa kuinua mikono huko ni hila.

Koplo Mstaafu

Nimehudumu katika jeshi la nchi kavu na nimewapokea watu waliojisalimisha, kwa hiyo naomba nimjibu kijana huyu kwa heshima, kwa sababu swali lake ndilo swali lenyewe.

Dakika hizo kumi ndizo za hatari kuliko zote katika maisha ya mateka, na kila kamanda mwenye uzoefu anajua hivyo. Ndiyo maana jeshi lenye nidhamu halimwachii askari mmoja mwenye uchungu aamue papo hapo. Uamuzi ulikwisha kufanywa zamani, mafunzoni, ulipofundishwa kwamba aliyejisalimisha ananyang'anywa silaha, anapekuliwa, anatenganishwa na wenzake, haruhusiwi kuzungumza, na anapelekwa nyuma haraka. Kiongozi wangu wa kwanza alikuwa na utaratibu ambao sikuuelewa hadi nilipouona ukifanya kazi: mtu aliyempoteza mwenzake siku hiyo hakupangwa kuwalinda mateka. Alipewa kazi nyingine, kuchimba handaki au kubeba maji, na hakuna aliyemlaumu wala kumwambia kwa nini. Nimemwona askari wa namna hiyo akimtazama kijana wa upande wa pili aliyekuwa ameketi chini, mikono imefungwa, midomo imepasuka kwa kiu, mguu mmoja hauna kiatu. Kiongozi alimwita yule askari kwa jina lake, akamtuma apeleke ujumbe mahali pasipo na haja kubwa ya ujumbe. Aliporudi, yule mateka alikuwa amekwisha kuondolewa.

Mateka akifika nyuma kuna mambo madogo ambayo raia hawayafikirii. Halazimiki kusema zaidi ya jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi. Majeruhi hutibiwa kwa kufuata uzito wa jeraha, kwa hiyo daktari anaweza kumwanza adui aliyetoboka tumbo na kumwacha wetu aliyevunjika kidole asubiri. Nimeona watu wakikasirika kwa hilo, na nimeona daktari akiendelea na kazi yake bila kuinua kichwa. Ndani ya wiki moja baada ya kufika kambini mateka ana haki ya kutuma kadi kwa jamaa zake kuwajulisha kwamba yu hai. Asionyeshwe kwa umati wa watu wala kudhihakiwa mbele ya kamera, jambo ambalo siku hizi kila mwenye simu analifanya akidhani ni ushujaa.

Kuhusu gharama, sitamdanganya mtu. Mateka wanakula, wanakunywa maji, wanahitaji walinzi, na wanakupunguzia mwendo. Kikosi kidogo kilicho mbali na wenzake kinaweza kushindwa kuwasafirisha. Hata kwa hali hiyo sheria ina jibu, nalo si kuwaua: wanaachiliwa, baada ya kuchukua tahadhari zote zinazowezekana kwa usalama wao. Emir Abdelkader wa Algeria aliwaachia mateka wa Kifaransa alipokosa chakula cha kuwalisha, na alifanya hivyo katika vita ambamo Wafaransa walikuwa wakichoma mavuno ya watu wake.

Ipo faida pia, ingawa mimi siitegemezi hoja yangu juu yake. Adui anayejua kwamba atauawa akijisalimisha hupigana hadi risasi ya mwisho, na risasi hiyo ya mwisho inampata mtu wetu. Mwezi Aprili na Mei 1945 makundi makubwa ya askari wa Kijerumani yalijikokota kuelekea mto Elbe ili yajisalimishe kwa majeshi ya magharibi, kwa sababu tu yalitarajia kutendewa vizuri zaidi huko. Na kwa wanaoamini kwamba habari hupatikana kwa kipigo, wasome juu ya Mjerumani Hanns Scharff, aliyewahoji marubani wa Kimarekani waliotekwa. Alitembea nao msituni, akawazungumzisha kwa upole, na wengi hawakutambua kwamba wamekwisha kumpa alichokuwa akikitafuta.

Wakili Mtulivu

Koplo amelijibu lililo gumu zaidi, nami nimalizie lile la hila.

Kujifanya umejisalimisha ili umpige anayekuja kukupokea ni kosa la kivita, na Ibara ya 37 ya Itifaki niliyoitaja inalitaja waziwazi. Anayefanya hivyo anaweza kupigwa hapo hapo, kwa kuwa amerudi katika mapigano, na akikamatwa anaweza kushitakiwa. Sheria imelichukulia jambo hili kwa ukali kwa sababu madhara yake hayaishii kwa aliyedanganywa. Yanawafikia wote watakaoinua mikono siku zinazofuata wakiwa na nia ya kweli.

Sheria haimtaki askari asogee kizembe. Anaweza kubaki nyuma ya kinga, akawaamuru watoke mmoja mmoja, waache silaha mbali, walale kifudifudi, wavue koti ili ionekane kama wamebeba baruti. Anaweza kungoja. Asichoweza ni kuchukua hila ya watu wa jana na kuifanya hukumu ya watu wa leo, au kutangaza kwamba kuanzia sasa hakuna atakayechukuliwa hai, kwani tangazo hilo peke yake ni kosa, hata kabla risasi moja haijafyatuliwa. Mwambie mdogo wako kwamba waliofanya hila watafutwe na wafikishwe mahakamani, na kwamba wanaokuja baada yao wapekuliwe kwa uangalifu mara mbili zaidi, kisha wapewe maji na majina yao yaandikwe.